Paka Hunywaje?

Mhariri ameniomba niandike jambo moja la elimu katika kurasa zetu za Kiswahili. Sisi wa Uganda wengi wetu tumejifunza lugha hii darasani, si nyumbani. Kwa hiyo mkiona kosa mnisamehe, mshike maana.

Jambo nililolichagua ni dogo, na kila mmoja wenu ameliona tangu utotoni: paka akinywa. Huenda wengine mtacheka mkisema kwamba mtu wa kidato cha sita amekosa la kuandika. Mimi nami nilicheka hivyo hivyo siku ile mwalimu alipotuuliza. Kicheko kile kilinipatia kazi ya wiki tatu, na mwisho wake nikasimama mbele ya darasa kukiri kwamba nilisema nisilolijua.

Mambo yalianza hivi. Muhula uliopita mwalimu wetu wa fizikia alikuwa akitufundisha jinsi maji yanavyopanda: katika bomba, katika kisima cha pampu, na katika mrija tunaponywa soda. Ghafula akauliza, "Na paka, asiye na mrija wala kikombe, hunywaje?" Mkono wangu ulikuwa wa kwanza. Nikasimama, nikajibu kwa sauti kubwa kwamba paka hukunja ulimi wake kama kijiko, ncha ikitazama juu, akachota maziwa na kuyatia kinywani. Wenzangu wakapiga makofi.

Mwalimu akaniuliza, "Umeona?"

Nikajibu, "Mwalimu, kila mtu anajua."

Akasema, "Sikuuliza kila mtu anajua nini. Nauliza wewe umeona nini."

Nikakosa la kusema. Akaniagiza niende nikamtazame paka wa jikoni, kisha nirudi niwaambie wenzangu nilichoona, si nilichosikia.

Paka wetu wa jikoni twamwita Askari, kwa sababu kazi yake ni kulinda stoo ya unga wa posho na maharage. Lakini siku zile mzee mpishi alikuwa akimnung'unikia sana. Aliniambia, "Huyu Askari wenu siku hizi ni mtoro. Anashinda kwa majirani, na panya wanatoboa magunia yangu." Akanionyesha magunia mawili ya maharage yaliyotobolewa chini, na maharage yamemwagika sakafuni. Nami sikujali maneno yale, maana nilikuja kwa habari ya ulimi, si ya panya.

Niliomba maji ya paka. Mzee akanionyesha kopo refu, jembamba, lililokuwa la mafuta ya kupikia, nalo limejaa maji hadi nusu. Kwa kuwa ndani ya kopo nisingeweza kuona kitu, nikaazima sahani pana ya bati, nikaijaza maji, nikaiweka mlangoni penye mwanga. Askari alipokuja nikalala kifudifudi juu ya saruji, macho yangu yakiwa karibu na sahani. Niliona nini? Niliona ulimi mwekundu ukienda na kurudi kama kitu kinachotetemeka, basi. Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu vile vile. Ndipo nilipotambua kwamba kile kijiko nilichokieleza darasani sikuwa nimekiona maishani mwangu, wala wale waliopiga makofi hawakukiona.

Sababu yake ni hesabu rahisi. Paka wa nyumbani hulamba kama mara 4 katika sekunde moja. Ulimi wake waweza kwenda kwa kasi ya karibu sentimita 78 kwa sekunde. Kasi hiyo ni sawa na ya mtu anayetembea polepole, lakini mtu yule ana barabara nzima mbele yake, na ulimi una sentimita chache tu kwenda na kurudi. Macho yetu hayawezi kutenganisha mambo yanayopita upesi namna hiyo.

Nilimweleza mwalimu kwamba nimeshindwa. Hakunikemea. Alinipa simu yake, ambayo ina kamera ya kupunguza mwendo, akanieleza: kamera ya kawaida hupiga picha kama 30 kwa sekunde, kwa hiyo kila paka alambapo mara moja wapata picha 7 au 8 tu. Kamera hii hupiga picha 240 kwa sekunde, nawe wapata picha 60 za kulamba kumoja. Jaribio la kwanza lilitoka giza tupu. La pili Askari alinigeuzia mgongo. La tatu lilifaulu, na jioni ile tulikaa watatu chini ya taa, tukaitazama picha moja baada ya nyingine.

Lo! Kijiko hakikuwepo. Ulimi ulishuka kutoka kinywani, lakini ncha yake ilikunjwa kuelekea nyuma, kidevuni, kama mkia wa herufi J. Ule upande wa juu wa ulimi, karibu na ncha, ndio uliotazama chini na kuyakaribia maji. Tena ulimi haukuzama. Uligusa tu uso wa maji, kama mtu anayeonja joto la chai kwa ncha ya kidole, kisha ukarudi juu upesi. Na nyuma yake, yaani chini yake, maji yakafuata! Tuliona nguzo nyembamba ya maji ikisimama kati ya sahani na ulimi, pana chini, nyembamba katikati. Kabla nguzo ile haijaanguka Askari akafunga taya, akaikata, na sehemu ya juu ikabaki kinywani mwake.

Sasa tueleze. Kwanza, maji hushikamana na kitu yanachokigusa. Ncha ya ulimi wa paka ni laini. Vile vimiiba vinavyokwaruza anapokulamba mkono vimeota nyuma zaidi. Ncha hiyo laini inapogusa uso wa maji, maji huishika. Pili, ulimi unaporudi juu huyavuta maji yale, nayo yakisha kuanza kwenda juu hutaka kuendelea kwenda juu, kama abiria anayeendelea kwenda mbele basi linapofunga breki ghafula. Tabia hiyo ya vitu tunaiita inesha. Tatu, uvutano wa dunia huyavuta maji yale yale kuyarudisha chini. Basi nguvu mbili zashindana katika ile nguzo: inesha yaipandisha, uvutano waishusha. Kwa muda mfupi inesha hushinda, na nguzo huzidi kukua. Halafu uvutano hupata nguvu, nguzo hukatika, maji huanguka. Paka hufunga kinywa chake katikati ya mambo hayo mawili. Akiwahi mno, nguzo bado ni ndogo. Akichelewa, imekwisha anguka. Hapo ndipo penye ufundi wake wote.

Kila mara apatapo maji hayo, kipimo chake ni kama sehemu moja ya kumi ya mililita. Piga hesabu: mara 4 kwa sekunde, ni mililita 0.4, kwa dakika nzima ni mililita 24, yaani hazitimii vijiko viwili vikubwa vya mezani. Maji hayo hayamezwi papo hapo. Juu ya kinywa, katika kaakaa, paka ana matuta madogo. Maji hukaa kati ya matuta hayo na ulimi, na baada ya kulamba mara 3 hadi 17 ndipo humeza.

Msidhani kwamba sisi ndio tuliovumbua haya. Ule mkunjo wa herufi J ulionekana zamani. Mwaka 1940 Harold Edgerton wa chuo cha MIT, Marekani, mtu mashuhuri kwa kupiga picha za vitu vyenye mwendo mkali, alionyesha paka akilamba maziwa katika filamu fupi iitwayo Quicker'n a Wink, nayo ikapata tuzo ya Oscar. Watu waliona ulimi, lakini swali la kwa nini maji yanapanda likabaki. Hata miaka mingi baadaye, mtaalamu mmoja wa MIT, Roman Stocker, alikuwa akimtazama paka wake, Cutta Cutta, akinywa maziwa wakati wa chakula cha asubuhi, akajiuliza swali lile lile la mwalimu wetu. Akashirikiana na Pedro Reis, Sunghwan Jung na Jeffrey Aristoff. Walipiga filamu, wakatengeneza chombo cha kuinua kisahani cha kioo kutoka majini kuiga ncha ya ulimi, wakapima, na mwezi wa Novemba 2010 wakatangaza matokeo yao katika jarida la Science. Yaani miaka 70 ilipita kati ya kuona na kueleza.

Nanyi mwaweza kufanya jaribio la kile kisahani bila gharama. Chukueni chupa ndogo yenye kitako bapa, kama chupa ya dawa. Ioshe, ushike shingo yake, ushushe kitako mpaka kiguse tu maji yaliyomo katika beseni. Sasa inua polepole sana: utaona maji yakishikamana kidogo kisha yakaachia. Inua upesi: nguzo itarefuka zaidi kabla ya kukatika. Mwenzako akiinama apate kutazama kwa upande, ataona umbo lile lile tuliloliona chini ya ulimi wa Askari.

Liko na jambo jingine lililonifurahisha kuliko yote, maana laonyesha jinsi hesabu inavyoweza kumfikia simba bila kumkaribia. Wataalamu wale walitazama pia paka wakubwa, wakaona kwamba kadiri mnyama alivyo mkubwa ndivyo anavyolamba polepole. Kwa nini? Fikirini jiwe lililofungwa kwenye uzi likibembea. Ukirefusha uzi mara 4, jiwe litachukua muda mara 2 kwenda na kurudi. Mambo ambayo uvutano huyatawala ndivyo yalivyo: muda hufuata kipeuo cha pili cha urefu, yaani kile kipeuo ambacho cha 4 ni 2. Sasa mchukue paka wa kilo 3, umkuze awe mara 4 kwa urefu, mara 4 kwa upana, mara 4 kwa kimo. Uzito wake utakuwa 4 × 4 × 4, yaani mara 64, ndizo kilo 192. Huyo ni simba dume. Ulimi wake una safari ndefu mara 4, basi muda wa kulamba waongezeka mara 2. Paka akilamba kama mara 4 kwa sekunde, simba atalamba kama mara 2. Vipimo vya wataalamu vilikaribiana na kanuni hiyo.

Mtauliza, mbona paka asivute maji kwa midomo kama ng'ombe au kama sisi? Jibu liko mashavuni. Ng'ombe, mbuzi, farasi na binadamu wana mashavu yanayoziba kinywa kwa pande zote. Wakifumba midomo na kuvuta, hewa haipiti pembeni, maji hupanda. Paka na mbwa, walio wawindaji, kinywa chao kimepasuliwa mbali kuelekea nyuma wapate kukifungua sana wanapouma. Mashavu yao hayawezi kuziba. Mtoto wa paka ananyonya kwa sababu ulimi wake hulifumbata titi la mama. Lakini sahani ya maji haifumbatwi. Kwa hiyo kinywa kile kilichomfaa kwa kukamata panya kilimnyima mrija, naye hana budi kulamba.

Na mbwa? Mbwa naye hukunja ulimi nyuma, lakini huutumbukiza kwa kishindo, maji yakaruka huku na huku. Kwa muda mrefu watu walisema yeye huchota kama kwa upawa. Mwaka 2011 watafiti wa Harvard walitumia picha za eksirei, wakaona kwamba maji mengi ya ule upawa humwagika, na kwamba yale anayoyanywa hasa ni yale yaliyoshikamana na ulimi yakafuata juu kama nguzo. Basi mbwa na paka ni wanafunzi wa darasa moja. Ila mmoja huandika kwa usafi, na mwenzake humwaga wino.

Sasa narudi kwa mzee mpishi na magunia yake. Katika siku zile za kupiga picha niliiacha ile sahani pana mlangoni, na kila asubuhi niliijaza maji. Wiki ya tatu mzee akaniita, "Mwanangu, umemfanyia nini Askari? Amerudi. Analala stoo, na leo nimeokota panya wawili." Nilitaka kujibu kwamba sikufanya neno, mara nikalikumbuka lile kopo refu. Mimi niliyekuwa nikichora nguzo za maji katika daftari nilikuwa sijaiona maana yake. Nguzo ile ni fupi. Paka lazima ashushe kidevu karibu kabisa na maji. Maji yakiwa chini katika kopo jembamba, kichwa hakipiti, na kuvuta kutoka mbali hawezi. Askari hakuwa mtoro. Alikuwa na kiu, akaenda kunywa kwa majirani.

Nilimweleza mzee haya. Alilitazama kopo, akalitazama tena, akasema, "Na mimi nilidhani namtendea wema, maana kopo haliingii vumbi." Akaenda kulitumia kwa kuwekea vijiko.

Nilimwambia na neno la pili, kwa adabu, kwa kuwa yeye ni mkubwa wangu. Kila Jumapili alikuwa akimpa Askari bakuli la maziwa, na kila Jumatatu alilalamika kwamba paka ameharisha. Paka wengi wakisha kuachishwa titi hupungukiwa na kile kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa. Maziwa huwapendeza ulimini, yakawasumbua tumboni. Maji safi katika chombo kipana ndiyo yawafaayo. Mzee alicheka sana. "Yaani tangu utoto wangu twasema paka na maziwa, paka na maziwa!" Nikamjibu, "Mzee, hata mimi nilisema kijiko."

Siku ya mwisho nilisimama darasani, pale pale niliposimama mwanzo. Niliwaonyesha wenzangu picha zile, nikasema waziwazi kwamba jibu langu la kwanza lilikuwa la uongo, ijapokuwa nililisema kwa moyo safi. Safari hii hawakupiga makofi. Walikuja mbele kutazama. Mwalimu hakuniambia neno ila moja: "Sasa umeona." Wakubwa zetu mliotangulia, mlio waalimu, waganga, wakulima na makarani, nadhani hata huko mliko mnaulizwa mambo ambayo kila mtu anajua. Mimi nimejifunza kuuliza kwanza kama yuko aliyeyaona.

Kwa wadogo zangu wa vidato vya chini, haya ni maswali machache ya kujipima:

1. Paka akilamba mara 4 kwa sekunde na kupata mililita 0.1 kila mara, atachukua sekunde ngapi kunywa mililita 30?

2. Mnyama wa jamii ya paka mwenye kilo 24 ni mara 8 ya paka wa kilo 3. Je, urefu wake ni mara ngapi? Nao muda wake wa kulamba utaongezeka kadiri gani?

3. Mtazame mbuzi wa nyumbani akinywa. Je, ulimi wake watoka nje? Andika ulichoona, usiandike ulichosikia.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita